Breki za mafuta kwenye Phoenix? Subiri kwanza

Vijana mnaniuliza sana siku hizi: "Bwana shamba, nifunge breki za diski za mafuta kwenye Phoenix yangu?" Nawaelewa. Kushuka Lyamba lya Mfipa kwenda Muze na gunia la maharage nyuma, breki ni zile za vyuma na mipira imeisha, ni kucheza na roho. Mvua ikinyesha ndo kabisa, ringi ya chuma inateleza tu.

Lakini mimi nasema usifunge. Fremu ile haina pa kushikiza breki ya diski, wala habu haina pa kukazia diski yenyewe. Fundi atakuchomelea kipande kwenye foku. Ikikatika mteremkoni, breki nzuri itakusaidia nini? Halafu mafuta: nyingine zinataka ya madini, nyingine ya DOT. Ukikosea, sili zinavimba. Hewa ikiingia, huko bondeni nani atakutolea?

Ukitaka diski, nunua baiskeli iliyotoka nayo kiwandani, tena ya waya. Waya fundi yeyote anabadilisha. Phoenix ibadilishie mipira kabla ya mavuno, punguza mzigo, na kwenye kona kali shuka uikokote, hata wakikucheka.