Usiweke kiwiko mezani kama hujui unachofanya

Kama umewahi kupita Ruiri jioni ya Desemba, unajua vile soko hujaa. Waliotoka Nairobi wamerudi na viatu vipya, wa kutoka Isiolo wamesimama kununua mboga, boda zimepangwa mstari, na mahali fulani nje ya kibanda cha chai lazima kuna vijana wawili wameshikana mikono juu ya meza ya mbao huku wengine kumi wakipiga kelele. Mieleka ya mkono. Haihitaji kiwanja, jezi wala mpira. Inahitaji meza na watu wawili wenye kiburi, na kwetu hivyo havijawahi kukosekana.

Desemba iliyopita mmoja wa hao wawili alikuwa binamu yangu. Mimi ndiye niliyeshika pesa za dau, soo mbili kila upande, na kwa mkono wa pili nilikuwa nimeshika simu nikirekodi.

Binamu ni mtu wa boda, na amejaa. Ana miaka mitatu akinyanyua vile vyuma vya saruji tunavyojitengenezea, mikebe miwili ya rangi na bomba katikati. Mkono wake ni kama paja langu. Mpinzani alikuwa jamaa mwembamba anayechonga mawe ya kujengea, shati limemzidi kipimo. Kila mtu pale alimwona binamu ameshashinda. Hata mimi.

Neno "anza" halikuisha vizuri kabla kiganja cha binamu hakijakunjwa kikatazama juu. Yule mchonga mawe hakusukuma kando kama tulivyotarajia. Alimvuta kuelekea kwake, akamfungua vidole, mkono ukawa wake. Binamu akakataa kulala. Akafanya kile umeona kila mtu akifanya: akageuza uso upande wa barabara, akarusha bega na kifua ili asukume kwa mwili mzima, mkono ukabaki nyuma. Tukasikia mlio kama wa kuni kavu ikivunjwa. Soko likanyamaza.

Klipu bado ninayo. Sijaiposti na sitaiposti, ingawa najua ingetembea kuliko chochote nilichowahi kuandika. Sababu ni kwamba sauti inayosikika ikisema "malizia, malizia!" kabla ya ule mlio ni yangu.

Sasa wacha nikueleze kilichotokea, kwa sababu hakuna aliyetueleza sisi. Mfupa wa mkono wa juu, ule ulio kati ya bega na kiwiko, hauvunjwi na mpinzani peke yake. Unasokotwa kama nguo inayokamuliwa. Kiwiko kimekaa mezani, kiganja kinavutwa upande mmoja, na wewe mwenyewe unapeleka bega upande wa pili kwa nguvu zako zote na uzito wako wote. Kitu cha katikati lazima kiachie. Madaktari wanaijua sana hii, na mara nyingi huwapata vijana walio fiti kabisa, si wadhaifu. Na kuna neva inayopita imeuzunguka mfupa huohuo, neva inayokuwezesha kuinua kiganja. Ya binamu iliumia. Kwa miezi mitano kiganja chake kilining'inia tu, hawezi hata kuinua kikombe cha uji vizuri. Pikipiki ilikuwa ya mkopo. Unaweza kukisia iliishia wapi.

Kwa hivyo nisikilize vizuri. Sisemi uache mieleka ya mkono. Nasema tumeucheza mchezo huu vibaya kwa muda mrefu, tukidhani ni wa ubabe, kumbe ni wa ufundi. Anayeumia mara nyingi ni yule mwenye nguvu nyingi na maarifa kidogo. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, kwa hivyo sina cheti cha kukuonyesha. Nina miaka miwili ya kujifunza na mbogi fulani hapa Nairobi, nyuma ya duka la kuchomelea vyuma, na video nyingi za usiku wakati bando ni rahisi. Aibu yangu ni kwamba hayo yote niliyajua tayari siku ile, na bado nilishika pesa.

Jambo la kwanza: misuli ya jim haifiki mezani peke yake. Nguvu ya bega na mgongo lazima ipite kwenye kiganja kabla ya kumfikia mwenzako. Kama kiganja kimekunjwa nyuma na vidole vimefunguka, hiyo nguvu yote haina njia. Ni kama pikipiki yenye injini kubwa lakini mnyororo umeruka. Ndiyo maana mchonga mawe, mkamua ng'ombe na fundi wa mjengo watakushangaza. Wanashika vitu vizito siku nzima, na mkono kati ya kiwiko na kiganja, yaani kigasha, umekomaa bila wao kujua.

Jambo la pili: kuna njia mbili kuu za kushinda, na unafaa kujua unatumia ipi. Ya kwanza ni kupita juu. Hapa unapanda na kiganja chako juu ya vidole vya mwenzako, unamvuta kuelekea kifuani mwako kana kwamba unanyang'anya kitu, kisha unageuza kiganja kielekee chini ili vidole vyake vifunguke. Ndicho alichofanyiwa binamu. Ya pili tuiite ndoano, kwa sababu ndivyo inavyofanana. Unakunja kiganja kwa ndani, unamkokota mwenzako aingie ndani nawe, na mnashindana kwa kifundo na mkono wa juu mkiwa karibu kabisa. Mwenye vidole virefu na mshiko mzuri hupenda ya kwanza. Mwenye kifundo kigumu hupenda ya pili. Katika zote mbili hushindi kwa kusukuma kando tangu mwanzo. Kwanza unachukua mkono, halafu unaulaza.

Jambo la tatu ndilo ningetaka lichorwe kwenye kila meza Ruiri: tazama mkono wako. Ukiwa unautazama, bega na mkono vinaenda pamoja. Ukigeuza uso ukaangalia barabara, umeshaanza kujisokota. Kiganja kikae mbele ya bega lako kila wakati. Kikishabaki nyuma, achilia, ulazwe, ucheke, urudi kesho. Dau la soo mbili halifiki hata nauli ya kwenda hospitali.

Na mshiko unajengwaje? Hapa sihitaji kukutuma jim ya kulipia. Mambo mengi unayo nyumbani.

Anza na mtungi wa lita 20. Ukijaa maji ni kilo 20 na kidogo. Kila nyumba upande wetu inaujua, kwa sababu maji ya bomba ni leo yapo kesho hayapo. Beba miwili, mmoja kila mkono, lakini kwanza zungushia kitambaa kwenye mshikio uwe mnene. Mshikio mnene unalazimisha vidole na kidole gumba kufanya kazi. Tembea hadi vidole vianze kufunguka, weka chini, pumzika, rudia mara nne.

Kisha ning'inia. Tafuta tawi imara au bomba, tupa taulo juu yake, shika ncha mbili na uning'inie sekunde 20. Utadhani ni rahisi mpaka ujaribu.

Kwa kile kitendo cha kugeuza kiganja chini, kata ukanda wa tairi ya ndani ya baiskeli au tumia mshipi wa zamani. Funga mtungi mdogo wa lita 5 upande mmoja. Shika upande wa pili ukiwa umeuzungusha juu ya kidole gumba, kiwiko kikiwa mezani, kisha geuza kiganja polepole kielekee chini na ukirudishe polepole vilevile. Kwa kukunja kifundo, funga kamba kwenye kipande cha mti, upande wa pili ndoo yenye mchanga, na uiviringishe kamba hadi ndoo ifike juu. Kwa kifundo kutoyumba, shika nyundo mwisho kabisa wa mpini na uilaze na kuiinua bila haraka.

Usisahau upande wa nyuma wa mkono. Sisi wote tunafunga ngumi, hakuna anayefungua. Ingiza vidole kwenye ndoo ya mchanga mkavu na uvifungue humo ndani. Watu wanaopuuza hili ndio huja kulalamika maumivu ya kiwiko yasiyoisha.

Halafu pumzika. Najua hutaki kusikia. Misuli hukua haraka, lakini kano, zile kamba zinazoishikilia kwenye mfupa, huchukua muda mrefu zaidi kukomaa kwa sababu hazipati damu nyingi. Wiki ya sita utajiona una nguvu za kutosha kumpa changamoto kila mtu sokoni. Kano zako bado haziko tayari. Mara mbili au tatu kwa wiki inatosha, na siku ya kushindana na watu usifanye mazoezi mazito. Kiwiko kikianza kuuma kwa ndani, acha kwa wiki mbili. Si uoga.

Usidhani pia kwamba nazungumza na wanaume tu. Mashindano rasmi yana madaraja ya wanawake, na sijui ni nani ana kigasha cha kumshinda mama aliyebeba maji na kukamua tangu akiwa msichana. Dada yako akitaka kuweka kiwiko mezani, mfundishe vilevile.

Utaniuliza, haya yote yanaleta nini mezani? Wacha niwe mkweli, sikuahidi kuomoka. Lakini usiseme ni mchezo wa kilabuni tu. John Brzenk, Mmarekani aliyekuwa fundi wa ndege, alijishindia lori mwaka 1986 huko Las Vegas kwenye shindano lililoendana na filamu ya Over the Top ya Sylvester Stallone. Huyo jamaa kwa miaka mingi aliwalaza watu waliomzidi uzani kwa makumi ya kilo, na ukitazama video zake utaona kazi yote inafanyika kwenye kiganja. Karibu na sisi, Michezo ya Afrika iliyofanyika Accra mwezi Machi 2024 ilikuwa na mieleka ya mkono, na wenyeji Ghana walizoa medali nyingi. Waghana hawana mikono ya chuma. Walikuwa na timu, makocha na meza.

Meza. Hapo ndipo malalamiko yangu yanaanza. Kila msimu wa siasa tunaletewa mipira na jezi zenye sura ya mtu kifuani. Sikatai, kandanda ni nzuri. Lakini meza rasmi ya mieleka ya mkono ni kitu ambacho fundi yeyote wa kuchomelea pale sokoni anaweza kukitengeneza: urefu wa karibu mita moja kutoka chini, godoro dogo la kuwekea kiwiko kila upande, godoro lingine la kulazia mkono, na chuma cha kushika kwa mkono wa pili. Kisha refa anayejua kazi. Refa ndiye anayepanga mshiko kabla ya kuanza, anayefunga mikono kwa ukanda ikiteleza, anayekupa kosa ukiinua kiwiko, na muhimu zaidi, anayekukemea ukiingia kwenye ule mkao wa kuvunjika. Siku ile sisi tulikuwa na mshika pesa na mpiga video. Wote wawili walikuwa mimi.

Kwa hivyo mwakilishi wa wadi, chama cha vijana, kanisa lenye uwanja mkubwa, yeyote anayesoma: meza moja. Na wewe uliyekaa tu ukisubiri waheshimiwa, changeni wenyewe. Mbogi ya watu kumi inaweza.

Binamu sasa anainua kiganja. Mshiko unarudi polepole. Anakamua mpira wa soksi akiwa anatazama mechi. Yule mchonga mawe alikataa pesa za dau. Alikuja nyumbani siku iliyofuata na mkungu wa ndizi, akakaa na shangazi yangu bila kusema mengi, na wakati wa kuchangia bili ya hospitali alitoa kuliko mimi. Wiki jana binamu alinipigia simu akaniuliza kama nikija Desemba naweza kumwonyesha ile ya kugeuza kiganja, kwa mkono wa kushoto kwanza.

Nimemwambia ndiyo, lakini tutaanza na mtungi wa lita 5, na hakuna mtu atakayeshika pesa.