Rutshuru: mechi tatu hazitoshi kumpima kijana wa kabumbu

Kila msimu wa vijana unapoanza wilayani Rutshuru, hata mechi ya nne haijachezwa, majina huwa yamekwisha kugawanywa mafungu mawili. Huyu atafika mbali, yule arudi nyumbani. Aliyefunga mabao mawili siku ya kwanza anaitwa nyota na watu wanaanza kumzungukia baba yake. Aliyekosa bao la wazi anaambiwa asije tena mazoezini. Hukumu hizo za haraka zinawaumiza wote wawili, na wakati umefika makocha, wazazi na viongozi wa timu waziache.

Mechi tatu ni kitu kidogo sana. Mshambuliaji anaweza kufunga kwa sababu kipa aliteleza kwenye tope, au kwa sababu mabeki wa upande wa pili walitembea kwa miguu tangu alfajiri. Mwingine anaweza kumaliza mechi zote tatu bila bao, ilhali alikuwa akifika mahali panapofaa kila mara na pasi ndiyo haikuja. Katika mechi chache kiasi hicho, bahati ina sauti kubwa kuliko kipaji.

Marekani kuna funzo la kutazama. Katika mchezo wa besiboli, vijana hupitia kwanza ligi ndogo kabla ya kupanda ligi kuu, na timu nyingi za ligi hizo hucheza mechi 130 hadi 150 kwa mwaka. Hata wao, wenye mechi nyingi hivyo na watu wanaoandika kila mpira unaorushwa, wanajua kwamba takwimu za wiki za kwanza hudanganya. Na bado wanakosea. Mwaka 1988 Mike Piazza alichaguliwa katika raundi ya 62, baada ya vijana zaidi ya elfu moja kutajwa mbele yake. Mwaka 2016 aliingizwa katika jumba la heshima la mchezo huo. Kama wenye mechi 130 wanakosea, wa Rutshuru mwenye mechi tatu anapata wapi uhakika wake?

Tena Rutshuru si mahali pa kawaida. Tangu mwisho wa Oktoba 2022, M23 iliposhika Rutshuru-centre na Kiwanja, familia nyingi zimehama, zimerudi na kuhama tena. Januari 2025 Goma nayo, kilomita 70 hivi kutoka hapo, ilichukuliwa. Kijana aliyelala miezi kambini, aliyekula mara moja kwa siku, aliyekaa mwaka bila kugusa mpira, hawezi kulinganishwa Jumapili ya kwanza na mwenzake aliyebaki nyumbani akicheza kila jioni. Miguu yake mizito inaeleza alikotoka. Haielezi anakoweza kufika.

Kuna pia suala la umri. Katika kundi la waliozaliwa mwaka mmoja, mtoto wa Januari anamzidi wa Desemba karibu miezi kumi na miwili. Akiwa na miaka 13, tofauti hiyo ni kifua, ni mbio, ni nguvu ya kuruka. Utafiti katika nchi nyingi umeonyesha kwamba timu za vijana hujaa waliozaliwa mwanzoni mwa mwaka, kwa sababu wachaguzi huona ukubwa wa mwili na kudhani wameona kipaji. Pale ambapo watoto wengi hawana cheti cha kuzaliwa, kosa hilo huongezeka, na udanganyifu hupata mlango.

Kongo imeliona hilo wazi. Juni 2021, klabu ya Stuttgart ya Ujerumani ilitangaza kwamba mshambuliaji wake Mkongomani, aliyejulikana kama Silas Wamangituka, jina lake halisi ni Silas Katompa Mvumpa, na kwamba ana mwaka mmoja zaidi ya ule ulioandikwa. Klabu ilieleza kuwa kijana huyo alikuwa mikononi mwa wakala aliyebadilisha utambulisho wake. Alifungiwa miezi mitatu. Kipaji chake kilikuwa cha kweli, lakini mtu alikuwa amekwisha kukifanyia biashara kwa karatasi za uongo. Haraka ya kumtangaza kijana kuwa nyota ndiyo inayowaita watu wa namna hiyo.

Kwa hiyo mzazi anayeambiwa baada ya mechi ya tatu kwamba mwanawe ataenda Ulaya, na kwamba atoe dola za safari, ajue sheria. FIFA inakataza mchezaji aliye chini ya miaka 18 kuhamishwa kutoka nchi moja kwenda nyingine, isipokuwa kwa sababu chache zilizoandikwa. Anayemwahidi mtoto wa miaka 15 mkataba wa ng'ambo kwa mwezi ujao, mara nyingi anauza maneno.

Upande wa pili wa hukumu ya haraka ni yule anayefukuzwa. Fiston Mayele, mzaliwa wa Mbuji-Mayi, alikuwa na miaka 27 alipotoka AS Vita Club ya Kinshasa kwenda Yanga ya Tanzania mwaka 2021. Mwaka 2023 aliongoza kwa mabao katika Kombe la Shirikisho Afrika, akiwa na 7. Mwaka 2025, akiwa na Pyramids ya Misri, alitwaa Ligi ya Mabingwa Afrika. Jina lake lilivuka mipaka katika umri ambao wengi huku wangesema amechelewa.

Makocha wana jibu lao, na si jibu la kupuuzwa. Vijana 40 wanakuja uwanjani, jezi ni 18, mipira ni miwili. Lazima achague. Ni kweli, lakini kumchagua wa kucheza Jumapili ni jambo moja, na kumfukuza asifanye mazoezi ni jambo lingine. La kwanza ni kazi ya kocha. La pili lingoje angalau mechi kumi, au nusu ya msimu.

Katika kungoja huko, daftari moja na kalamu vinatosha. Aandike mambo yasiyotegemea bahati ya siku: kijana anatazama pembeni kabla ya kupokea mpira? Anautuliza kwa mguso wa kwanza? Akipoteza, anarudi kuutafuta au anasimama na kulalamika? Anatumia mguu wake dhaifu? Alichoelezwa Jumanne, amekifanya Jumapili? Mabao yaandikwe pia, lakini pamoja na timu iliyofungwa na hali ya uwanja siku hiyo.

Daftari hilo lina faida nyingine ambayo viongozi wengi huisahau. Kwa kanuni za FIFA, klabu zilizomlea mchezaji tangu mwaka aliotimiza miaka 12 zinaweza kudai fidia ya malezi anaposaini mkataba wake wa kwanza katika nchi nyingine, na akija kuuzwa kabla mkataba haujaisha, asilimia 5 ya fedha hugawanywa kati ya klabu alizochezea kati ya miaka 12 na 23. Hiyo ni kwa klabu yenye uthibitisho tu. Timu ndogo isiyomsajili kijana wake wala kutunza tarehe haitaona hata franga moja.

Lakini hasara kubwa zaidi si ya fedha. Katika miji mingine, kijana aliyeondolewa kikosini hurudi shuleni au hutafuta timu nyingine ya mtaa. Rutshuru, shule yenyewe inaweza kuwa imefungwa, na vikundi vyenye silaha havijaacha kutafuta watoto wa kuwabebesha bunduki. Kwa baadhi ya vijana, mazoezi ya saa kumi jioni ndiyo saa pekee ya siku ambayo mtu mzima anayaita majina yao na kujua nani hajafika. Kabla ya kufuta jina la kijana baada ya mechi ya tatu, kocha ajiulize jioni ya kesho atakuwa wapi.