Pole Pole ya Miguu na Pole Pole ya Siku

Haraka haraka haina baraka. Methali hii tumeikariri tangu shule ya msingi, tukaitungia insha na kupata alama zetu, kisha tukaiweka kando kama pambo. Walakini ipo sehemu ambapo kauli hiyo ya wahenga si pambo bali ni tiba: mlimani, juu ya mita 3,000, ambako mwenye pupa hulipwa papo hapo.

Mgeni aliyepanda Kilimanjaro au Mlima Kenya, awe Mjerumani au Mjapani, hurudi kwao akiwa na angalau maneno mawili ya Kiswahili: "pole pole". Waongozaji huyarudia tangu langoni hadi kileleni. Sisi wapenzi wa lugha hujivunia jambo hilo, na kujivunia si dhambi. Maoni yangu, hata hivyo, ni kwamba tumeridhika mapema mno, na kwamba hata maneno hayo mawili hueleweka nusu nusu.

Natuanze na hewa yenyewe. Wapo wanaoandika "hewa nyembamba", tafsiri sisisi isiyomfafanulia msomaji chochote. Kiwango cha oksijeni katika hewa ya kilele cha Lenana, mita 4,985, ni kile kile cha Mombasa, yaani takriban asilimia 21. Kinachopungua ni mgandamizo wa hewa, hivi kwamba kila pumzi huingiza oksijeni haba. Kwenye mita 5,500 hivi, mgandamizo huo huwa nusu tu ya ule wa pwani. Mwili hulazimika kuhema zaidi na moyo kwenda mbio, huku figo na damu zikijirekebisha kwa muda wa siku kadhaa. (Mimi ningependelea "hewa haba", lakini mjadala huo tuwaachie wanaistilahi.)

Siku kadhaa, si saa kadhaa. Hapo ndipo "pole pole" inapopotoshwa. Pole pole ya miguu humpunguzia mpandaji uchovu. Kinga hasa ni pole pole ya siku. Wataalamu wa tiba ya milimani hushauri kwamba ukishapita mita 3,000, mahali pa kulala pasipande kwa zaidi ya mita 500 kwa siku, na kila baada ya siku tatu au nne upumzike. Linganisha na safari ya haraka katika njia ya Naro Moru: usiku wa kwanza kituo cha Met, takriban mita 3,050, usiku wa pili kambi ya Mackinder, takriban mita 4,200, kabla ya mapambazuko, Lenana. Mtu anaweza kwenda mwendo wa kobe saa zote hizo na bado akawa amekimbia. Sababu haijifichi: kila siku ya ziada ni ada ya hifadhi, chakula na ujira.

La pili linatuhusu zaidi sisi wa jarida hili. Katika njia ya Sirimon niliwahi kumsikia mpagazi mmoja, aliyeinamia mzigo wake huku ameshika kichwa, akiulizwa ana nini. Akajibu, "Homa tu." Neno homa lilimaliza mazungumzo. Maelezo ya kitaalamu ya maradhi haya yameandikwa zaidi kwa Kiingereza, ilhali anayebeba mizigo huzungumza Kiswahili, na mapafu yake hayana kinga ya ziada kwa kuwa yeye ni mwenyeji.

Hata hivyo, sidai kwamba lugha yetu ni maskini. Katika darasa la fasihi tumezoea kuyachukulia maneno kuhema na kutweta kuwa visawe vya kumpamba mhusika. Mlimani tofauti inaweza kuwekwa, tena kwa faida: anayehema akipanda amechoka, lakini anayetweta hali ameketi, akikohoa povu lenye rangi ya damu, maji yameingia mapafuni. Anayepepesuka kwenye njia tambarare kama mlevi, asiyeweza kuweka kisigino mbele ya kidole cha mguu, anayepayapaya au kupigwa na bumbuwazi, ubongo wake unavimba. Hao wawili hawangojwi hadi kuche. Huteremshwa mara moja, hata kama ni usiku wa manane. Kuumwa na kichwa, kichefuchefu na kukosa hamu ya chakula ni hatua ya awali: mgonjwa abaki alipo, asipande mpaka apate nafuu, na asipopata, ashuke.

Kuhusu jina, napendekeza "ugonjwa wa mwinuko" badala ya "ugonjwa wa mlima", kwa kuwa kisababishi ni kimo wala si mlima, na jina lenyewe humwelekeza mgonjwa pa kwenda: chini. Atakayekuwa na jina bora na alilete.

Vyama vya Kiswahili vyuoni hufanya makongamano kuhusu istilahi za tarakilishi na sheria, nayo ni kazi njema. Pawe pia na kikao kimoja Nanyuki au Naro Moru, pamoja na waongozaji na wapagazi wenyewe, kwani huenda tayari wana maneno ambayo kamusi zetu hazijayasikia. Kitoke hapo kijikaratasi kimoja cha Kiswahili cha kugawiwa malangoni: upande mmoja dalili, upande wa pili la kufanya.