Ndege Nyembamba, Safari Ndefu: Msee wa Ogembo Ataruka Lini Bila Kupitia Nairobi?

Simama steji ya Ogembo jioni yoyote, utaona hii picha: dem ama msee ako na suti kesi mpya imefungwa kamba, mathe na masista wamemzunguka, mmoja anaomba, mwingine analia pole pole. Anaenda Gulf kusaka kazi, ama anamfuata bro yake Minnesota, kule Wakisii wamejaa hadi wana makanisa yao.

Sasa cheki vile safari inaanza. Mathree mpaka Kisii Town. Halafu basi ya usiku, zaidi ya kilomita 300, mpaka Nai. Halafu anasota kwa cousin Embakasi akingoja saa ya ndege. Kabla hata aone mlango wa ndege, ashachoka na ashachoma doh.

Na hapa ndipo stori inaudhi. Ukipima moja kwa moja, Nairobi mpaka Dubai ni kama kilomita 3,600. Kisumu mpaka Dubai? Kama 3,600 pia. Na Kisumu iko kilomita 110 hivi kutoka Kisii Town. Kumaanisha huyu msee hakuenda Nairobi ndio akaribie Dubai. Alienda sababu ndege ya Dubai haitui Kisumu.

Jibu utapewa ni lile lile: "Huko hakuna abiria wa kutosha." Zamani ningekubali. Siku hizi sina uhakika, na sababu ni ndege nyembamba.

Hesabu ya viti

Ndege nyembamba ni zile za korido moja, viti vitatu huku na vitatu kule: Boeing 737 na Airbus A320 na ndugu zake. Ndege pana ni zile za korido mbili, kama Boeing 777 na Dreamliner.

Chukua ndege pana ya watu 350 ije kila siku. Kwa wiki unatafuta abiria 2,450 wa kwenda, na wengine kama hao wa kurudi. Kisumu hiyo ni ngumu. Sasa chukua ndege nyembamba ya watu 170, mara nne kwa wiki. Hapo unatafuta 680. Hiyo ni hesabu tofauti kabisa.

Na si ndoto. Januari 2024, flydubai, kampuni inayotumia Boeing 737 pekee, ilianza kuruka Dubai–Mombasa mara nne kwa wiki. Air Arabia nayo huleta A320 JKIA kutoka Sharjah. Hizo ni safari za kama saa tano, kwa hivyo bado ni mwendo wa kati. Lakini Novemba 2024 Iberia ya Uhispania ilivuka Atlantiki, Madrid mpaka Boston, na A321XLR, ndege ya korido moja ambayo Airbus inasema inafika kilomita 8,700. Kisumu mpaka London ni kama 6,600.

Na usidhani huu ni ujanja mpya. Super VC10 za East African Airways, zilizoanza kazi 1966 na kupeleka watu London, zilikuwa za korido moja. Kenya Airways ilipozaliwa 1977, ilianza na Boeing 707, korido moja pia. Guka zetu walienda majuu hivyo hivyo, magoti yamegusa kiti cha mbele, na wakafika.

Somo la KQ

Kuna sababu nyingine ya kufikiria ndege ndogo. Kwa mwaka wa 2024 KQ ilipata faida ya shilingi bilioni 5.4, ya kwanza kwa zaidi ya miaka 10. Watu wakapiga makofi. Nusu ya kwanza ya 2025 ikaleta hasara ya zaidi ya bilioni 12. Sababu moja kubwa: Dreamliner 3 kati ya 9 zilikuwa zimekaa chini. Ukitegemea ndege kubwa chache, moja ikigonjeka viti 234 vimeenda nayo.

Lakini tusidanganyane

Ndege nyembamba ina shida zake. Saa saba kwa korido moja, foleni ya choo na mtoto wa jirani analia, si mchezo. Tumbo lake pia ni dogo. Kwa 737 mizigo inapangwa kwa mkono, makontena makubwa hayaingii. Mkulima wa avocado Gucha anayeota kupeleka tani nyingi kwa ndege hataokolewa na hii.

Halafu kuna hewa. JKIA iko karibu mita 1,600 juu ya bahari. Hewa nyepesi na joto hufanya ndege ishindwe kupaa na mzigo wote, kwa hivyo zile kilomita za Airbus kwa karatasi zinapungua. Kisumu iko chini zaidi, kama mita 1,140, na runway yake inapita kilomita tatu.

Na najua kuna mtu anawaza ET302. Machi 10, 2019, Boeing 737 MAX ya Ethiopian ilianguka ikitoka Addis Ababa kuja Nairobi. Watu 157 walikufa, 32 wakiwa Wakenya. Hiyo haisahauliki. Lakini haikuangushwa na wembamba. Ni mfumo wa kompyuta uliosukuma pua chini ukifuata taarifa mbovu za kifaa kimoja. Uliza ndege imekaguliwa vipi kabla ya kuuliza ina korido ngapi.

Nani ameshika mlango?

Ndege ya nje haitui popote inapotaka. Inahitaji ruhusa ya serikali. Na serikali hiyo hiyo ina asilimia 48.9 ya KQ, ambayo inataka abiria wote wapitie Nairobi. Uhamiaji na forodha wa kutosha kule Kisumu pia ni kazi ya serikali. Kwa hivyo tukiambiwa "abiria hawako", tuulize: mmewahesabu wapi? Sababu yule dem wa steji ya Ogembo anahesabiwa JKIA kama abiria wa Nairobi.

Hapo ndipo mimi naona shida iko. Abiria wa Gusii, Nyanza na Western wako, lakini wamefichwa ndani ya namba za Nai. Wabunge wetu wanaweza kuanza na swali dogo tu: kati ya wanaoruka kwenda Gulf kila wiki, wangapi walilala kwa basi usiku uliopita? Hiyo namba ikitoka, kampuni ya ndege nyembamba itajipigia hesabu yenyewe.

Wewe je, ulilala kwa basi ngapi kabla ya ndege yako ya kwanza?