Kutoonekana Si Kutokuwapo

Tangu Frank Drake alipoelekeza darubini ya redio kwenye nyota mbili mwaka 1960, hatujapata dalili ya viumbe wenye akili angani. Je, hawapo? Bahari ya Tanga yatufunza tahadhari. Silikanti alidhaniwa ametoweka takribani miaka milioni 66 iliyopita, hadi aliponaswa Afrika Kusini mwaka 1938. Na tangu mwaka 2003 majarife ya kina kirefu yamemtoa hata kwetu. Sisemi viumbe hao wapo. Nasema kila kipimo kina mpaka wake. Makohozi yasiyoonyesha vimelea hayathibitishi kwamba hakuna kifua kikuu. Mhudumu, usiseme “huna ugonjwa”, sema “bado hatujauona.” Nawe mgonjwa, kikohozi kikiendelea, rudi upimwe tena.