Udongo Mweusi wa Malili

Iwapo umejinunulia kiploti huko Malili, kando ya barabara kuu ya Mombasa karibu na Konza, bila shaka unaujua ule udongo mweusi. Mvua ikinyesha hukuvua viatu. Jua likiwaka hupasuka nyufa za kuingiza mkono.

Majuzi mama mmoja wa huko alinionyesha vitalu vyake viwili vya sukumawiki iliyonyauka. Maji ameyanunua kwa mitungi, na mvua ya Oktoba hadi Desemba, ambayo ndiyo tegemeo la Ukambani, ilikuwa imempita hivi hivi. Alikuwa ameshauriwa achanganye mchanga. Ushauri mbaya huo! Mchanga kidogo ukikutana na udongo wa mfinyanzi, kinachopatikana ni kama tofali. Isitoshe, mchanga wa mito ndio unaohifadhi maji ya watu wa Makueni, na kaunti hiyo ilitunga sheria ya kuulinda mwaka wa 2015.

Udongo huo si maskini, kwani hushika maji na chakula cha mimea vizuri sana. Taabu yake ni kwamba chembe zake ni ndogo mno na hushikamana, hewa ikakosa njia na mizizi ikasongeka. Dawa yake ni samadi iliyooza na mboji, ambazo huzigawa chembe hizo katika vidonge vidogo vidogo. Tia debe moja kwa kila hatua moja ya mraba, uchanganye kina cha jembe moja, na urudie kila msimu. Usilime udongo ukiwa tope, utauharibu zaidi.

Lakini samadi iwe imeoza kweli. Mwandishi wenu aliwahi kutia mbolea mbichi ya kuku, na kwa siku nne miche yote ikaungua. (Majirani walicheka.) Tandika majani makavu, kisha mabichi na maganda ya jikoni, kisha samadi ya mbuzi, unyunyize maji na kurudia. Pindua kila baada ya majuma matatu. Ukichomeka kijiti katikati nacho kikatoka na joto, bado. Kwa kawaida huchukua kama miezi mitatu, kwa hivyo anayengojea mvua ya Oktoba aanze Julai.

Je, majivu? Hapa ngoja kwanza. Mwagia siki kidogo kwenye kijiko cha udongo mkavu. Ukitoa povu, una chokaa ya kutosha, na majivu yatazidisha tu.

Ukishapanda, funika kitalu kwa mabua ya mahindi au maganda ya mbaazi, jua lisiupasue udongo tena. Yule mama tayari ana rundo lake nyuma ya jiko, ila analalamika kwamba mabua humletea mchwa. Hao tutawazungumzia Jumapili ijayo.