Mashine Haiulizi Kama Umetoka Nyeri

Wakenya tuna tabia moja mbaya na leo lazima niiseme. Mtu mweusi wa Marekani akisema daktari hakumheshimu, sisi ndio wa kwanza kucheka. Ati hao wamezoea kulalamika. Ati wana hospitali zenye kila kitu na sisi huku hata Panadol tunatumwa tukanunue nje. Halafu inaletwa ile ya kufunga mjadala: hizo ni hisia tu.

Sawa. Tuongee kuhusu hizo hisia.

Serena Williams mnamjua. Septemba 2017 alijifungua kwa upasuaji, na siku iliyofuata akaanza kukosa pumzi. Huyu ni mtu aliyewahi kupata damu iliyoganda mapafuni, kwa hivyo dalili anazijua kama jina lake. Akamwambia nesi anataka skani na dawa ya kuzuia damu kuganda. Nesi akadhani dawa za maumivu zimemchanganya kichwa. Daktari akaja na mashine, akaanza kuangalia miguu. Miguu! Serena akazidi kusisitiza hadi skani ikafanywa, na mabonge ya damu yakaonekana palepale aliposema, mapafuni. Mwanamke alikuwa na mataji 23 ya Grand Slam na pesa za kununua hiyo wodi, na bado ilibidi apigane ndio aaminiwe akiwa na kidonda cha upasuaji tumboni. Sasa fikiria yule anayefagia ofisi.

Kama unasema shida ni elimu, kuna Susan Moore. Alikuwa daktari mwenyewe. Desemba 2020, akiwa na Covid huko Indiana, alijirekodi kitandani akieleza vile daktari mzungu alikuwa anapuuza maumivu yake, na akasema angekuwa mweupe hangepitia hayo. Alikufa mwezi huohuo. Hospitali iliita jopo la watu wa nje. Jopo likasema matibabu yenyewe hayakusababisha kifo, lakini likakubali kwamba huruma ilikosekana. Kuna watu walisoma hiyo wakashangilia, "Si mnaona, hakuna kosa!" Manze. Daktari anakufa akiwa ameomba tu asikilizwe, na wewe unatafuta nani ashinde?

Mimi chuo niliacha, sina digrii ya udaktari wala ya kitu kingine, lakini kusoma najua. Mwaka 2016 watafiti wa Virginia waliuliza wanafunzi weupe wa udaktari maswali kuhusu miili ya watu. Karibu nusu waliamini angalau uongo mmoja, kama kwamba ngozi ya mtu mweusi ni nene kuliko ya mzungu. Na walioamini hayo ndio waliokadiria maumivu ya mgonjwa mweusi kuwa madogo. Hii ni 2016, si enzi za utumwa. Ingawa imetoka huko huko: miaka ya 1840 kule Alabama, daktari J. Marion Sims aliwapasua wanawake watumwa, Anarcha, Betsey na Lucy, tena na tena, bila dawa ya ganzi. Sanamu yake ilisimama New York hadi 2018.

Kwa hivyo mgonjwa anapohisi kwamba haaminiwi, mara nyingi anahisi kitu ambacho kiko. Mwaka 2022, kati ya kila watoto 100,000 waliozaliwa hai Marekani, walikufa mama weusi 49.5 na mama weupe 19. Najua kuna mtu atasema hata wazungu maskini wanadharauliwa hospitalini. Ni kweli, wanadharauliwa. Lakini rudi kwa Serena uniambie umaskini wake uko wapi.

Sasa nawageukia nyinyi mnaojaza fomu za kwenda huko, mnaosema "sisi ni Wakenya, si kama wale." Kale kamashine kanakobana kidole kupima oksijeni kanatumia mwanga unaopita kwa ngozi. Utafiti uliotoka Desemba 2020 ulionyesha kwamba kwa wagonjwa weusi kalidanganya karibu mara tatu zaidi ya kwa weupe: kanasema uko sawa na damu yako haina oksijeni ya kutosha. Haiulizi kama umetoka Nyeri ama Alabama. Hata ile hesabu ya kupima figo, kwa miaka mingi ukiwekwa "mweusi" ilikuongezea alama, figo zako zikaonekana nzima kuliko zilivyo, na foleni ya kupata figo mpya ikakupita. Waliitupa 2021. Mkenya angehesabiwa vilevile, na kitambulisho chake mfukoni.

Na si ati hakuna dawa. Oakland, California, watafiti walipanga wanaume weusi waonane na daktari mweusi au asiye mweusi. Walipoonyeshwa picha ya daktari tu, hakukuwa na tofauti. Walipokaa chini wakaongea naye, wale wa daktari mweusi wakakubali vipimo zaidi, hasa vya kutolewa damu. Hiyo ndio heshima: mtu amekunja mkono wa shati mwenyewe. Lakini hao madaktari watatoka wapi? Baada ya ripoti ya Flexner ya 1910, shule za udaktari za watu weusi zilifungwa moja baada ya nyingine hadi zikabaki mbili, Howard na Meharry.

Kuna jambo jingine linaninyima usingizi. Wengi wetu tunaenda huko kuwa manesi, tukiwa tumebeba hii dharau yetu ya "wanalalamika sana". Mwaka 2022 watafiti wa Chicago walipekua mafaili ya wagonjwa wakakuta uwezekano wa mgonjwa mweusi kuandikiwa neno baya, kama mkaidi ama mgomvi, ni zaidi ya mara mbili na nusu ya mweupe. Hayo maneno yanasomwa na kila daktari anayefuata. Mwakani kalamu ya hilo faili itakuwa mkononi mwa binamu yako, saa tisa usiku, na mama mweusi anamwambia kifua kinauma. Ataandika nini?